Santuri au bando? Ngoja kwanza tupite Nyarugusu

Wiki hii sina kisa cha fumanizi wala cha dada aliyeachwa kwenye mataa. Ni muziki mtupu. Kijana mmoja wa Kinondoni kaniandikia kwamba kapata mshiko kidogo, kapanga chumba na sebule, na tangu hapo roho yake haina raha. Washikaji zake wawili wanamvuta huku na huku. Mmoja anamwambia anunue mashine ya santuri, ndiyo habari ya mjini siku hizi, mgeni akiingia sebuleni akaikuta inazunguka anajua kabisa leo kafika kwa mtu. Mwingine anamwambia aache ushamba, alipie muziki wa mtandaoni kwa mwezi, mamilioni ya nyimbo yakae kiganjani. "Nisaidie," kaandika, "maana hela yenyewe ni ya kitu kimoja tu."

Mshikaji wangu, swali zuri, ila umemfuata mtu anayeandikia huku Kasulu, nyanda za juu za Kigoma, ambako ukitaja santuri vijana wengine watadhani ni jina la msichana. Sasa usikate tamaa. Katika wilaya hii hii ipo kambi ya Nyarugusu, na watu wa Nyarugusu wanajua kuhusu kusikiliza muziki nyumbani kuliko mabrazameni wote wa Kinondoni ukiwaweka kwenye mizani. Sababu ni kwamba wao hawana nafasi ya kujaribu jaribu. Kitu kikigoma, kimegoma.

Kwa wasioijua, kambi hiyo ilifunguliwa Novemba 1996. Vita ilikuwa imewaka Kivu ya Kusini, watu wa Uvira, Fizi na Baraka wakavuka Ziwa Tanganyika kwa boti na mitumbwi, wakapandishwa huku milimani. Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa makundi, na kambi ikavuka watu laki moja, ikawa kati ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Wapo vijana waliozaliwa humo, wakasomea humo, wakaoa humo. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 mtu hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo ile habari ya "ngoja niende mjini nikanunue" haipo. Taa ni ya sola, simu inachajiwa kwa zamu, na hela ya vocha inashindana na hela ya sabuni. Chombo cha muziki kikiweza kuishi hapo, Kinondoni kitaishi kwa kulala.

Tuanze na santuri, maana ndiyo inayomtoa udenda rafiki yako.

Msije mkadhani kitu hiki kimeletwa juzi na wazungu wenye ndevu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, bibi zetu wakiwa bado hawajazaliwa. Kule Kongo lebo ya Ngoma ilianza kutoa santuri Leopoldville mwaka 1948, zikafuata Opika na Loningisa, rumba ikasambaa kama moto wa kiangazi. Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili na gitaa moja tu, na mpaka leo wapiga gitaa wanakuna vichwa wakimsikiliza. Kwetu Tanzania bendi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zenyewe nyingi zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, na njia ya Nairobi ikawa ngumu. Kaseti ikaingia, na santuri taratibu ikahamia juu ya kabati.

Zile ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika, zilikuwa na jambo moja ambalo vijana wa leo hamlijui. Upande mmoja ulibeba dakika tatu, nne, tano kwa kubana. Wimbo wa rumba ulikuwa mrefu kuliko hapo, kwa hiyo uliukata katikati. Upande wa kwanza mwimbaji analalamika weee mapenzi, anamaliza shida zake zote, na pale gitaa linapotaka kufunguka kwenye sebene, kimya. Mtu anyanyuke ageuze. Wazee wanasema ulikuwa unaweza kumtambua mwenye adabu kwenye dansi la nyumbani: alikuwa anakaa karibu na mashine ili sebene lisipoe. Santuri kubwa zilizoanza Marekani mwaka 1948 zilibeba kama dakika 20 kila upande, hapo sasa watu wakapata nafasi ya kucheza mpaka jasho.

Basi sasa mjini zimerudi. Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD, milioni 41 kwa milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Nairobi, pale Kenyatta Market, kibanda cha santuri za zamani kimejulikana kwa miaka mingi, na watalii wanapishana na wazee wa Kikuyu wakitafuta vitu vyao vya ujana. Kwa hiyo mshikaji wa kwanza hajakudanganya, ni fasheni kweli.

Lakini fasheni hiyo ukiipeleka Nyarugusu inakufa wiki ya kwanza. Santuri kubwa na jalada lake ni kama robo kilo. Ukiwa na 100 ni kilo 25, yaani zimezidi begi moja la ndege. Nani aliyekuwa anakimbia risasi Uvira angezibeba? Halafu vumbi. Vumbi letu jekundu la Julai na Agosti linaingia mpaka kwenye chumvi, sembuse kwenye mfereji mwembamba kama unywele ambao sindano inapita. Nyumba ikiezekwa kwa turubai, mchana ndani ni tanuri, na santuri ikilala vibaya kwenye joto inajipinda kama chapati. Ongeza umeme. Mashine nyingi zinataka umeme wa ukutani, na hata ile ya kuchomeka kwenye sola bado inataka amplifaya na spika. Na sindano, jamani, sindano ndiyo ugonjwa wa mashine zote. Zile gramafoni za kuzungusha kwa mkono, sindano ya chuma ilibidi ibadilishwe kila upande mmoja. Za leo za almasi zinadumu mamia ya saa, ila ikichakaa huku kwetu utaipata wapi?

Pamoja na hayo yote, santuri ipo Nyarugusu. Angalau moja, maana nimeishika kwa mikono yangu, na nililazimishwa kunawa kwanza.

Mwenyewe ni mzee wa Baraka, mwendo wake wa pole, kofia haitoki kichwani. Mjukuu wake ndiye aliyeniambia. Nilipomwomba, "Papa, naweza kuiona ile disiki?" akaniangalia vidole. "Mutoto, nawa kwanza. Hii haiko sahani ya kula." Nikanawa, nikajifuta kwenye suruali, akasema nawa tena. Akaitoa kwenye kitenge. Ni ile ndogo ya 45, imechapwa Nairobi miaka ya 70, lebo imefifia mpaka jina la bendi limebaki herufi nne. Bendi ilikuwa ya Bukavu. Mwaka 1996 aliiweka chini kabisa ya sufuria, akapanga unga juu yake, akaingia kwenye boti. Mashine ilibaki ng'ambo. Tangu siku hiyo hajaisikia ikilia.

Mjukuu, kijana wa kisasa, akataka kummaliza babu kiu. Akanunua bando, akaandika jina la wimbo YouTube, na sekunde chache tu huo hapo. Mzee akasikiliza wote, kichwa kinatikisika, mguu unapiga chini. Ulipokwisha akasema, "Sawa. Sasa geuza."

"Babu, kwenye simu hakuna kugeuza."

"Ule mwingine uko wapi?"

Wakautafuta. Wakabadilisha herufi, wakaandika kwa Kifaransa, wakaandika kwa Kiswahili, bando likaisha. Hakuna. Upande wa kwanza ulipendwa, mtu fulani mahali fulani duniani akaupandisha mtandaoni. Upande wa pili haukumshughulisha mtu. Na upande wa pili, ndugu zangu, ndimo anamoitikia kaka yake mkubwa mzee huyu, marehemu sasa, ambaye hakuvuka ziwa. Hakuimba mbele, aliitikia tu nyuma na wenzake wawili. Sauti yake haipo kwenye kaseti, haipo kwenye simu ya mtu. Ipo kwenye mfereji wa plastiki ndani ya kitenge, kambini, kwenye nyumba isiyo na chombo cha kuitoa.

Wimbo wenyewe mzee anauimba mwanzo mpaka mwisho. Ikifika sehemu ya kaka yake ananyamaza, anahesabu kwa kidole, halafu anaendelea.

Nilirudi Kasulu mjini nikazunguka kwa mafundi redio. Mmoja ana redio gramu ya zamani, lile kabati lenye miguu, sahani yake ya kuzungushia santuri ameigeuza sehemu ya kuwekea chai. Sindano hakuna. Mwingine aliniuliza santuri ni nini, nikamwelekeza, akasema ah, kumbe CD nyeusi. Nikaondoka zangu.

Sasa twende kwa mshikaji wa pili, yule wa mtandaoni. Huyu naye ana pointi, tusimkandamize. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015 na imekuja ndani ya simu za Tecno na Infinix, kwa hiyo wengi waliikuta tu wakifungua boksi. Spotify ilifungua mlango Tanzania Februari 2021. Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, inakuruhusu kushusha wimbo kabisa ukabaki nao. YouTube ndiyo usiseme, ndiyo redio ya taifa la vijana. Ukitaka singeli ya leo asubuhi, ukitaka Franco, ukitaka kwaya ya Kigali, unapapasa tu kioo. Santuri haifanyi hivyo hata uipigie magoti.

Tatizo ni kwamba kustrimu ni kama kunywa maji kwa kukodi glasi. Hebu tupige hesabu kidogo, na usiogope, nami hesabu hazikuwa rafiki zangu shuleni. Muziki wa mtandaoni wa ubora wa chini, kilobiti 96 kwa sekunde, unakula kama MB 43 kwa saa. Ule wa juu, 320, unakula MB 144. Ukisikiliza saa tatu kwa siku, na nyumbani saa tatu ni kitu cha kawaida ukiwa unafua na kupika, mwezi unamaliza karibu GB 4 kwa ule wa chini na karibu GB 13 kwa ule wa juu. Hapo hujagusa video. Wewe wa Kinondoni chukua bei ya bando lako uzidishe mwenyewe, mimi sitaki lawama.

Utasema unashusha nyimbo ndani ya programu, unasikiliza bila bando. Sawa, ila nyimbo hizo si zako. Spotify, kwa mfano, inataka uingie mtandaoni angalau mara moja ndani ya siku 30, la sivyo ulivyoshusha vinafungwa. Usipolipa mwezi, vimefungwa. Na hata ukilipa, mikataba ya wakubwa inaweza kukunyang'anya: Machi 2021 mamia ya nyimbo za Korea yalitoweka Spotify kwa siku kadhaa kwa sababu mwenye mali na mwenye duka walikuwa hawajaelewana. Mashabiki waliolipia walibaki wanatazamana.

Nyarugusu hili wanalijua kwa namna yao. Tangu 2015 maelfu ya Wakongo wa kambini walihamishiwa Marekani, mpaka mpango huo uliposimamishwa na serikali ya huko Januari 2025. Walioko kule wana intaneti ya ukutani isiyokwisha, basi wanatuma linki. Asubuhi linki, jioni linki. "Sikiliza huu, mdogo wangu, umenikumbusha nyumbani." Mdogo mtu kambini anaiangalia linki ya bluu kama mtu anayenusa pilau ya jirani. Hana bando la kuifungua, na akisema hana, ndugu anadhani anaombwa hela.

Kwa hiyo kambini wanasikilizia nini? Jibu, mshikaji wangu, hakuna aliyekutajia: memori kadi.

Unakwenda kwenye kibanda, kuna laptopu moja imechoka, keyibodi imefutika herufi, na kijana anayejua kila wimbo uko folda gani. Unampa memori na noti yako ndogo. "Nikuwekee nini?" Rumba ya zamani, injili, bongo fleva, singeli, mapambio ya Kirundi, unachanganya unavyotaka. Kadi ya GB 8 inabeba kama nyimbo 2,000 za dakika nne nne. Kwa yale masaa yako matatu kwa siku unakaa mwezi na nusu bila kurudia wimbo hata mmoja. Uzito wake haufiki nusu gramu. Unaichomeka kwenye simu, kwenye redio ndogo ya sola, kwenye sabufa, inalia. Haitaki neno la siri, haiulizi umelipa lini, na mvua ikikata mtandao siku mbili yenyewe haina habari. Ukitaka kumgawia jirani, unamrushia kwa Xender, dakika mbili kamaliza, bando halikuguswa.

Na kuna muziki ambao unaishi humo tu. Kwaya za kambini zinarekodi kwa vifaa vya kuungaunga, wimbo unatoka Jumamosi, Jumapili jioni umeshaenea kanda zote kwa kurushiana, na mtandaoni haufiki kamwe. Ukisema kwako muziki ni Spotify tu, hao hutawasikia mpaka uzeeke.

Sifa zimetosha, niseme na ubaya wake. Memori kadi ni muongo. Zipo feki zimeandikwa GB 64 na ndani zina 4, unajaza nyimbo kwa furaha, siku ya pili zote zimegeuka majina ya kichina. Ikipata virusi vya laptopu ya kibandani, basi. Nyimbo zinakuja na majina ya ajabu, "Track 07", "Wimbo mpya mpya kali", mwimbaji hujui, mwaka hujui, na katikati ya solo tamu la gitaa DJ fulani kajitangaza jina lake mara tatu na namba ya simu. Zaidi ya hapo, mwanamuziki hapati hata senti. Kijana wa kibanda kapata, mwenye sauti hakupata. Kwa mtu wa kambini anayegawanya hela ya sabuni mimi sina mdomo wa kumsema. Wewe mwenye chumba na sebule Kinondoni nina mdomo, tena mrefu: unayempenda mlipe, nunua wimbo wake, nenda kwenye shoo yake, sikiliza kwake kule mtandaoni ili naye ahesabiwe.

Kuhusu sauti, nitapita haraka maana ubishi wake hauna mwisho. Eti santuri ina joto, eti mtandao una baridi. Ukiwa na mashine nzuri, amplifaya nzuri na santuri iliyotunzwa, ni kweli raha ipo na sibishi. Lakini hizi mashine za bei chee zenye umbo la begi, zenye spika ndogo ndani kama za kadi ya Krismasi, joto utalisikia kwenye mfuko tu. Tena sindano zake hukandamiza santuri kuliko mashine nzuri, zinaila taratibu. Kumwekea mzee wangu wa Baraka santuri yake kwenye kitu hicho ni uonevu.

Kwa hiyo, kijana wangu, kabla hujatoa hela nakuuliza swali moja: santuri unazo? Sisemi za kwenda kununua. Santuri mpya ya Ulaya ni dola 25, 30 na zaidi, kabla haijapanda ndege, na ukinunua kumi tu ili mgeni aone zinazunguka, umenunua fanicha. Nasema za nyumbani. Kwa mjomba Tanga, kwa shangazi Tabora, kwenye sanduku la baba mdogo lililokaliwa na panya. Kama hakuna hata moja, achana na mashine. Nunua sabufa inayokubali memori na flashi, nunua kadi mbili halali dukani, weka nyimbo zako, na mtandao utumie ule wa bure kuonjea vitu vipya. Hela itakayobaki nunua kiti, maana najua huna.

Kama zipo, hapo sasa nabadilika kabisa. Nunua mashine, na nunua ya maana hata kama ni mtumba, yenye waya wa kutolea sauti kwenda kwenye kompyuta. Programu ya kurekodia ipo ya bure, inaitwa Audacity. Unaweka santuri, unabonyeza, wimbo wa dakika tatu unachukua dakika tatu, hakuna njia ya mkato. Kila upande uandike jina la bendi, la wimbo, la lebo na namba iliyochapwa, ili asije mtu miaka ijayo akakuta Track 07. Hifadhi nakala sehemu mbili. Kusafisha ni maji safi na kitambaa laini, lebo isilowe. Zile nzito za kizamani za mizunguko 78 usiziguse kwa spiriti, maana hizo si plastiki, ni utomvu, spiriti inaziyeyusha. Na ukiziangusha zinavunjika kama sahani ya kauri.

Ukimaliza utashangaa. Upande wa kwanza wa santuri nyingi utaukuta YouTube, wamekutangulia. Geuza. Wa pili ndio wa kuhangaikia, maana huenda umeshika ulipobaki peke yake, na ule hauji kwa kulipia mwezi wala kwa kungoja fasheni ipande.

Na mashine ikishafika, kabla hujaiwekea maua na kumwita mgeni, niandikie. Kuna mzigo nataka nikuletee kutoka huku. Posta siwezi kuuweka, na kwenye buti la basi wala, ile joto itaupinda. Nitaupakata mwenyewe, umesimama wima kati ya vipande viwili vya mbao, mpaka Dar. Mzee nimeshaongea naye. Siku mbili alikataa, ya tatu akakubali kwa masharti: santuri irudi kwenye kitenge kile kile, na upande wa pili uje kwenye memori kadi. Halafu akaniita nikiwa nimeshatoka nje. "Mutoto. Memori mbili."

Sindano mpya ni juu yako, nauli ni juu yangu.